Askari, Umuswahili na Nyumbakumi: Maneno ya Ulinzi wa Mji katika Gitega na Muyinga

Mjini Gitega, na vilevile Muyinga, mtu akimwita mwenzake umuswahili, huenda hakusudii dini wala lugha ya mtu huyo. Katika Kirundi cha kila siku neno hilo limebeba maana ya mjanja, mtu wa maneno mengi asiyeaminika katika biashara. Wakati huohuo, mjumbe wa mtaa anayefahamu wageni wa kila nyumba na kupeleka habari za ugomvi ngazi ya juu huitwa nyumbakumi, neno la Kiswahili ambalo Mrundi hahitaji kutafsiriwa. Lugha moja, basi, imempa jina mlinzi na imempa jina mshukiwa. Makala haya yanachunguza jinsi hali hiyo ilivyojengeka, kwa sababu inagusa moja kwa moja namna makosa madogo ya mjini, yaani ulevi wa hadharani, kelele za usiku, uchuuzi wa njiani na kuzagaa kwa watoto wasio na makao, yanavyoshughulikiwa hadi leo.

Mwanzo wa jambo hili ni utawala wa Wajerumani. Baada ya Mwami Mwezi Gisabo kulazimika kukubali mapatano ya Kiganda mwaka 1903, utawala huo ulihitaji kituo kilicho karibu na kitovu cha ufalme, na mwaka 1912 makao ya rezidenti yalihamishwa kutoka Usumbura hadi Gitega. Walioandamana na utawala huo walikuwa askari, wapagazi, makarani na wafanyabiashara ambao wengi wao walizungumza Kiswahili na baadhi yao walikuwa Waislamu wenye asili ya Ujiji, Tabora na Manyema. Walijenga karibu na kituo. Kwa hiyo mji wenyewe, kama namna ya kuishi isiyokuwa ya umutumba, yaani kilima chenye kaya zilizotawanyika, ulionekana machoni pa Warundi wengi kuwa jambo la Waswahili. Muyinga, iliyoandikwa Muhinga katika hati za Wabelgiji, ilipata wakazi wa aina hiyohiyo kwa njia ya biashara ya kuelekea mashariki.

Kirundi kimehifadhi ushahidi wa mkutano huo kwa uaminifu kuliko nyaraka nyingi. Kodi imekuwa ikori. Fedha ni amahera, kutoka sarafu ya hela ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwanajeshi ni umusirikare, neno ambalo haliwezi kutenganishwa na familia ya askari na serikali. Lenye kufundisha zaidi ni ihadabu. Adhabu ya Kiswahili ni dhana pana, nayo hujumuisha kifungo, kiboko, hata adhabu ya Mungu; ilipoingia Kirundi ikabana na kuwa faini. Sidhani kwamba ubanaji huo ni wa bahati tu. Mkulima aliyefika sokoni au kwenye kituo alilijua neno hilo pale alipotakiwa kulipa.

Tukumbuke pia kwamba askari katika Kiswahili ni mwanajeshi na ni polisi. Utata huo ulilingana na hali halisi, kwani kikosi cha polisi cha koloni hilo kilichota watu wake kutoka jeshi lenyewe. Aliyekuja kupigana ndiye aliyebaki kusimamia soko.

Wabelgiji walioiteka nchi mwaka 1916 walirudisha makao makuu ya Ruanda-Urundi Usumbura, lakini Gitega iliendelea kuwa makao ya rezidenti wa Urundi. Kiswahili kiliendelea kutumiwa na askari na wafanyakazi, ilhali wamisionari Wakatoliki walikitazama kwa mashaka kwa sababu ya uhusiano wake na Uislamu, na shule zao zikajengwa juu ya Kirundi na Kifaransa. Hapo ndipo maana mbaya ya umuswahili ilipopata udongo mzuri wa kuota. Aliyeishi mjini bila chifu, bila shamba na bila ubatizo hakuwa na mahali katika mpangilio wa kikoloni, na sheria za wakati huo zilikwisha kumfanya mzururaji kuwa mkosaji. Jirani yetu Tanganyika inatoa mfano wa karibu. Mwaka 1944 Waingereza walitunga sheria ya kuwaondoa mijini wenyeji wasiotakiwa, na Dar es Salaam ikalipata neno lake, mhuni. Uhuru haukulifuta wazo hilo. Kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwasaka mijini watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi.

Upande wa vilimani, historia ni nyingine. Jina la abashingantahe linatokana na kushinga intahe, kukita ile fimbo ardhini wakati wa kuamua shauri. Neno hilo hutaja tendo, nalo ni tendo la kusuluhisha. Mlevi aliyevunja ua wa jirani aliitwa, akasikilizwa, akaamriwa kufidia, mara nyingi kwa pombe iliyonywewa na pande zote mbili. Sitaki kuupamba mfumo huo kupita kiasi. Wanawake walikuwa nje yake kwa muda mrefu, na serikali za baada ya uhuru ziliuingilia zilivyotaka. Hata hivyo Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitaka uhuishwe. Miaka mitano baadaye sheria ya komini ikaanzisha mabaraza ya mitumba yanayochaguliwa kwa kura, na nafasi ya washingantahe kisheria ikapungua.

Nyumbakumi amekuja kwa njia tofauti. Mfumo wa nyumba kumi ulienezwa Tanzania na chama cha TANU katikati ya miaka ya 1960 kama ngazi ya chini kabisa ya chama. Kenya iliufufua mwaka 2013 kwa ajili ya usalama. Nchini Burundi jina limeungana na kuwa neno moja na kutaja mtu badala ya kundi la nyumba. Wajibu wake ni kujua nani analala wapi. Pamoja naye zipo doria za usiku, amarondo, jina ambalo wengi hulirudisha kwenye Kifaransa, ingawa mimi nasikia ndani yake pia mwangwi wa lindo. Baada ya mwaka 2015 ripoti za Umoja wa Mataifa zilieleza jinsi vijana wa chama tawala walivyoshiriki doria hizo. Mkaazi akigongewa mlango usiku hawezi kujua kama anayegonga ni jirani, ni dola au ni chama, na neno nyumbakumi halimsaidii kutofautisha.

Polisi ya Taifa ya Burundi iliundwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2004, ikaunganisha jandarmeri na vikosi vingine vya polisi pamoja na wapiganaji wa zamani, ambao baadhi yao walikuwa wameishi Kongo na Tanzania. Atakayekaa nusu saa kwenye kituo cha mabasi cha Muyinga, mji ulio kwenye njia ya mpaka wa Kobero, atasikia matokeo yake. Amri hutolewa kwa Kiswahili, mabishano huendelea kwa Kirundi, na shauri likifika ofisini, taarifa mara nyingi huandikwa kwa Kifaransa. Mchuuzi hutia kidole gumba kwenye maelezo yaliyopita lugha mbili kabla ya kumfikia.

Hapa ndipo maneno yanapokuwa suala la sera. Umuswahili, mayibobo kwa mtoto wa mtaani, inzererezi kwa mzururaji: yote hutaja mtu, hayataji alichofanya. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kufuatia ombi la Umoja wa Wanasheria wa Afrika, ikaeleza kwamba sheria za uzururaji zinazomwadhibu mtu kwa hali yake zinapingana na Mkataba wa Afrika. Burundi imeridhia itifaki iliyounda mahakama hiyo. Kuondoa kifungu katika kanuni ya adhabu ni kazi ya bunge. Kuliondoa neno inzererezi katika kitabu cha matukio cha kituo ni kazi ya kamishna mmoja, na inaweza kuanza kesho. Mahali pake paandikwe tendo: alilala barazani mwa duka, aliuza ndizi nje ya eneo la soko, alipiga muziki baada ya saa iliyoruhusiwa. Tendo lililoandikwa huweza kupingwa na shahidi. Jina la mtu halina shahidi wa kulipinga.

Wakati wa kufanya hivyo umefika. Gitega ni makao makuu ya kisiasa tangu 2019, na wageni wake wanaongezeka. Mgawanyo mpya wa nchi umepunguza mikoa kutoka 18 hadi 5 na komini kutoka 119 hadi 42, na Muyinga sasa imo katika mkoa wa Buhumuza. Fomu, mihuri na vitabu vya vituo vinachapishwa upya, na ukurasa wa maelezo ya mtuhumiwa bado unaweza kuwekewa safu ya Kirundi na, kwa anayeihitaji, ya Kiswahili.