Percy: Jina la Kinormani Lililookolewa na Wanawake

Miongoni mwa majina ya ukoo yaliyoingia Uingereza pamoja na Wanormani, yaani watu wa Normandia, kaskazini mwa Ufaransa, walioiteka nchi hiyo mwaka 1066, jina la Percy ni mojawapo ya machache ambayo safari yake yaweza kufuatwa karne hadi karne; na anayeifuata kwa makini hutambua kwamba uzao wa kuumeni wa mtu aliyelileta ulikoma zamani sana, jina likabaki hai kwa sababu lilirithiwa kuukeni, pamoja na ardhi.

Percy kilikuwa kijiji cha Normandia, na kwa desturi ya makabaila wa huko, mtu alijulikana kwa ardhi alikotoka. William de Percy alivuka bahari mwaka 1067, na kufikia 1086 Daftari la Domesday, yaani orodha ya ardhi na mali iliyoandikwa kwa amri ya mfalme ili ajue kodi zake, linamwonyesha akiwa na mashamba mengi katika Yorkshire na Lincolnshire. Wakati Wanormani wengi walinyoa nyuso zao, yeye alifuga masharubu, na lakabu aliyopewa kwa ajili hiyo, als gernons, ndiyo iliyozaa jina Algernon, ambalo wazao wake waliwapa watoto wao kwa karne nyingi. Alisaidia kuifufua monasteri ya Whitby, iliyokuwa magofu tangu mashambulizi ya Waviking, kisha akaenda katika Vita vya kwanza vya Msalaba na kufia karibu na Yerusalemu. Husimuliwa kwamba moyo wake ulirudishwa kuzikwa Whitby.

Katika karne ya 12 urithi ulimwangukia binti, Agnes de Percy, aliyeolewa na Joscelin wa Louvain, mji ulioko Ubelgiji ya leo. Joscelin hakuwa mtu mdogo, kwa kuwa dada yake, Adeliza, alikuwa mke wa pili wa Mfalme Henry wa Kwanza. Hata hivyo watoto wa Agnes na Joscelin waliacha nasaba ya baba na kujiita Percy. Sababu yake inaeleweka: mashamba ya Yorkshire yalikuwa ya mama, na jina la Percy ndilo lililotambuliwa na wapangaji waliolima mashamba hayo na mahakama zilizoamua mashauri yake. Mmoja wa wana hao, Richard de Percy, alikuwa kati ya makabaila 25 waliochaguliwa mwaka 1215 kuhakikisha kwamba Mfalme John anaitii Magna Carta, hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme.

Mwaka 1309 ukoo ulinunua ngome ya Alnwick, karibu na mpaka wa Uskoti, na mwaka 1377 mkuu wake akapewa ulodi wa Northumberland. Mwanawe Henry, mpiganaji mashuhuri aliyeitwa Hotspur, aliuawa Shrewsbury mwaka 1403 akimwasi mfalme ambaye akina Percy wenyewe walimsaidia kukikalia kiti cha enzi. Jina lilivuka Atlantiki mwaka 1607, pale George Percy, mdogo wake lodi wa tisa, alipokuwa miongoni mwa walowezi wa kwanza wa Jamestown, Virginia.

Mwaka 1670 lodi wa 11 alifariki akimwacha mrithi mmoja tu, Elizabeth, mtoto wa miaka mitatu. Mjukuu wa Elizabeth huyo aliolewa mwaka 1740 na Hugh Smithson, bwana wa Yorkshire ambaye mwaka 1750, kwa sheria ya Bunge, aliliacha jina lake na kuitwa Percy, na mwaka 1766 akapandishwa kuwa duki, cheo cha juu kabisa cha ukabaila wa Kiingereza. Wazao wake wangali Alnwick hadi leo.

Hugh alikuwa na mwana wa nje ya ndoa, aliyekatazwa na desturi za wakati huo kudai chochote cha Percy. Baada ya mama yake kufariki mwaka 1800, mwana huyo alilichukua jina ambalo baba yake alikuwa amelitupa, akawa James Smithson. Alisomea kemia, akachunguza madini, na katika wasia wake akaagiza kwamba iwapo mtoto wa ndugu yake angekufa bila kuacha mzao, mali yote iende Marekani, nchi ambayo yeye hakuwahi kuikanyaga, ili ijengwe taasisi ya kuongeza na kueneza maarifa. Mtoto huyo alifariki bila mzao mwaka 1835, na mwaka 1846 Bunge la Marekani likaianzisha Taasisi ya Smithson mjini Washington.