Mtepe, Land Rover na Tezo ya Babu

Rafiki yangu mmoja hapa Nairobi amenunua Land Rover kuukuu. Nikisema kuukuu nina maana kuukuu kweli: sakafu imetoboka, ukikaa mbele unaiona barabara ikipita chini ya miguu yako. Kila Jumamosi yuko mvunguni mwa gari lile. Mimi, ambaye riziki yangu ni kuandika programu za kompyuta, nakaa pembeni nikimkabidhi spana ambayo siyo aliyoiomba.

Juzi akaniuliza: "Sasa ninyi watu wa Lamu mnafufua nini huko kwenu, nanyi magari hamna?"

Nilicheka. Halafu nikagundua kwamba jibu ninalo, ila ni refu na tena linaniuma kidogo. Haya basi, nimelileta hapa.

Kwanza tumalizane na Land Rover. Ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Defender ya mwisho ya ukoo ule ilitoka kiwandani Solihull Januari 2016. Kiwanda kimeacha kuitengeneza, lakini magari yenyewe bado yanapanda milima. Siri yake si kubwa: yamefungwa kwa bolti na nati, na kila mji wa Afrika Mashariki una karakana ya jua kali yenye mtu anayejua kuyafungua na kuyafunga tena. Kitabu cha maelekezo kipo, vipuri vipo, na mikono ipo.

Sasa twende Lamu. Vichochoro vya mji wa kale, ule ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, vilipimwa kwa upana wa mtu na punda. Kwa miaka mingi wageni waliambiwa kwamba kisiwa kizima kina gari moja tu, la Mkuu wa Wilaya. Siku hizi yapo machache zaidi, na bodaboda nazo zimeingia. Lakini usafiri wetu wa njia mbovu tangu zamani ni chombo cha baharini. Na chombo kilichowahi kuzishinda njia mbovu kuliko vyote kiliitwa mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo cha kushonwa. Soma tena: cha kushonwa. Hapakuwa na msumari hata mmoja. Fundi alitoboa mbao kwa keekee, akaziunganisha kwa vijiti vya mti, kisha akazishona kwa kamba ya usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Makumbi yalifukiwa ufukweni kwa miezi mpaka yakalainika, yakapondwa, yakasokotwa. Tanga lilikuwa la mraba, limesukwa kwa majani ya miti ya jamii ya mnazi kama mkeka. Omo yake ilipanda juu na kupinda kama shingo ya ngamia. Mabingwa wa kazi hii walikuwa Wabajuni na watu wengine wa visiwa vya Lamu, na mitepe ilibeba boriti za mikoko na mizigo mingine kuipeleka kusini.

Ufundi wa kushona vyombo ni wa kale sana katika pwani hii. Kuna kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, nacho kinataja bandari ya Rhapta, mahali fulani kwenye pwani hii ya Afrika Mashariki, na kueleza kwamba jina hilo limetokana na mashua za kushonwa. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama walipofika Msumbiji nao waliandika kwamba waliona vyombo visivyo na misumari, vilivyofungwa kwa kamba.

Usidhani kamba ilitumika kwa sababu watu hawakujua chuma. Chombo cha kushonwa kinanyumbuka. Kikipanda fungu la mchanga, au wimbi likikibamiza ufukweni, mbao zinacheza kidogo na kurudi mahali pake, wakati chombo kigumu kingepasuka. Kwa bahari iliyojaa mafungu na miamba kama ya kwetu, hiyo ndiyo suspensheni! Ubaya wake ni kwamba kilivuja. Safari nzima lazima mtu awe chini anateka maji ya ngama na kuyamwaga. Na kamba huoza, kwa hiyo baada ya muda chombo kilihitaji kushonwa upya.

Hapo ndipo msumari ulipopata nafasi. Jahazi la misumari lilivuja kidogo na kudai kazi ndogo ya matengenezo. Mtepe ukaanza kupungua, na mnamo katikati ya karne ya 20 ulikuwa umekwisha baharini. James Hornell, Mwingereza aliyechunguza vyombo vya bahari duniani kote, alichapisha makala kuhusu mtepe na dau la Lamu mwaka 1941, wakati mambo yalikuwa ukingoni. A.H.J. Prins wa Uholanzi alipotoa kitabu chake juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965, mtepe tayari ulikuwa habari ya wazee. Leo ukitaka kuuona nenda makumbusho ya Lamu, utaukuta mdogo, wa mfano.

Sisi waandika programu tungesema: basi hakuna tatizo, maandishi yapo, michoro yapo, tunaweza kuurudisha wakati wowote. Nami nilifikiri hivyo mpaka niliposoma habari za chombo kinachoitwa Sohar.

Mwaka 1980 Tim Severin alijenga Oman merikebu ya kushonwa ya mtindo wa kale, akaondoka nayo Novemba mwaka huo na kufika China mwaka 1981. Fedha alikuwa nazo, msaada wa Sultani alikuwa nao, vitabu alikuwa navyo. Lakini ilipofika kazi ya kushona, ilibidi watafutwe watu wa visiwa vya Lakshadweep, India, ambao bado walikuwa na mazoea ya kushona mashua. Oman ilipojenga merikebu nyingine ya namna hiyo, Jewel of Muscat, iliyosafiri mpaka Singapore mwaka 2010, kamba zilivutwa tena na mafundi kutoka India, safari hii Kerala. Kitabu hakiwezi kukuambia uvute kamba kwa nguvu kiasi gani kabla haijakatika. Anayejua ni yule aliyekwisha kuzikata nyingi.

Zanzibar nayo ilijenga mtepe mpya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ukawekwa ndani ya Beit el Ajaib. Kazi nzuri sana. Lakini jengo lenyewe liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Hata makumbusho si mahali pa kutegemea peke yake.

Sasa kinachoniuma. Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa majahazi Matondoni. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nakaa kwenye vumbi la mbao nikimtazama akichonga taruma kwa tezo, bila kipimo, akifumba jicho moja. Nikamwambia, "Babu, nimeona, nami naweza." Akanipa tezo. Pigo la kwanza likaruka, la pili likakata mahali pasipotakiwa. Hakunigombeza. Alisema kwa Kiamu chetu: "Mato hayayui, mwanangu. Mkono ndio uyuao."

Nilikuwa nafanya vizuri shuleni, kwa hiyo hakuna aliyenirudisha kwenye lile vumbi. Ndivyo tulivyolelewa: mwenye akili anakwenda kidato, aliyeshindwa anapelekwa ufundi. Serikali ilijaribu kubadili mawazo hayo. Vyuo vya ufundi vya vijijini vilianza mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya ripoti ya makanisa ya mwaka 1966 iliyouliza vijana wafanye nini wakimaliza shule. Mfumo wa 8-4-4 ulipokuja mwaka 1985 ulileta sanaa na ufundi, kilimo na sayansi kimu. Lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa. Tuliokuwa madarasani tunakumbuka: ufundi ulifundishwa kwa chaki. Tulichora tezo ubaoni, tukataja sehemu zake, tukapata alama. Nilipata alama nzuri sana!

Babu amekwisha kufariki. Tezo yake ninayo mimi, iko juu ya kabati la vitabu karibu na kompyuta, na siwezi kuitumia.

Kazini niliwahi kurithi mfumo wa mahesabu ulioandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka. Kodi yote ilikuwepo, kila mstari. Ilinichukua miezi minne kuelewa kwa nini mstari mmoja uliwekwa pale, na siku moja ya mazungumzo na yeye ingetosha. Siku hizi nikiajiri kijana simpi tu nyaraka, namketisha pembeni yangu tukosee pamoja.

Sisemi turudi kwenye mtepe. Ufundi ulio hai haukatai mambo mapya. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliteremsha baharini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililojengwa kwa takataka za plastiki na kuvikwa vipande vya kandambili za rangi zilizookotwa ufukweni. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Plastiki haikuwa na kitabu cha maelekezo. Waliiweza kwa sababu mikono yao ilikuwa tayari inaijua mbao.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye Land Rover ni hili: Lamu tunafufua vyombo, tunavikalafati upya, tunavipaka sifa na shahamu, tunabadilisha ubao mmoja mmoja mpaka hujui upi ni wa kwanza. Jahazi halijafa kwa sababu bado kuna kijana anayekaa kwenye vumbi karibu na mzee. Mtepe ulikufa pale kijana huyo alipokosekana.

Desemba naenda Matondoni na tezo ile. Nimeongea na fundi mmoja aliyefunzwa na babu. Nilimuuliza kama mtu wa umri wangu bado anafundishika. Akanijibu, "Njoo, lakini mtoto wako naye mlete."