Betri Iliyoua Bodi Nzima

Mwaka 1972, katika baa ya Andy Capp's mjini Sunnyvale, California, mashine ya majaribio ya mchezo wa video wa Pong iligoma. Simu ikapigwa kwa kampuni ya Atari, na Allan Alcorn, mhandisi aliyeiunda, akaenda mwenyewe kuitazama. Alipofungua kisanduku cha fedha alikuta sarafu za senti 25 zimejaa hadi kuziba njia. Mashine ilikuwa nzima; wachezaji ndio walikuwa wengi kuliko nafasi ya sarafu zao.

Hata kama ingeungua, isingekuwa kazi ngumu. Kioo chake kilikuwa televisheni ya kawaida ya Hitachi. Ndani hamkuwa na mikroprosesa wala programu, bali chipu ndogondogo zilizogawana kazi: hizi zinahesabu mistari ya picha, zile zinatunza alama, nyingine zinatoa mlio. Fundi mwenye mchoro wa saketi aliufuata umeme chipu baada ya chipu mpaka akafika pale ulipokatika.

Mwaka 1975 kampuni ya Midway ilitoa mchezo wa Gun Fight ukiwa na mikroprosesa ya Intel 8080, na ufundi ukabadilika. Mchezo sasa ulikaa kwenye chipu za kumbukumbu. Moja ikifa, kioo hujaa herufi ovyo ingawa kila waya ni mzima, na mita peke yake haiwezi kusema kwa nini. Mafundi walipata msaada katika Fluke 9010A, kifaa kilichochomekwa mahali pa mikroprosesa ili kuipima bodi kutokea ndani. Atari nayo iliuza mashine zake pamoja na vitabu na michoro ya saketi. Michoro hiyo bado inawaongoza wanaofufua Asteroids ya mwaka 1979.

Uzee una magonjwa yake. Kapasita hukauka, na picha huanza kujikunja pembeni. Risasi ya kulehemu hupasuka kwenye miguu ya viunganishi baada ya miaka ya kupata joto na kupoa. Chipu za EPROM zina kidirisha juu. Kibandiko chake kikibanduka, mionzi ya urujuanimno huweza kufuta programu. Kioo cha kichogo nacho huweza kubaki na maelfu ya volti hata waya ukichomolewa ukutani, ndiyo maana fundi hukimaliza umeme kabla ya kukishika.

Yote hayo yanatibika. Ugonjwa uliokuja baadaye ulipandwa kiwandani.

Mwaka 1985 watengenezaji wa Japani walikubaliana kiwango cha JAMMA, kiunganishi kimoja chenye nafasi 56. Bodi ya mchezo mmoja ikaweza kuchomekwa kwenye kabati la mwingine. Urahisi huo uliwafaa wenye kumbi za michezo, ukawafaa pia wezi: Street Fighter II ya Capcom, ya mwaka 1991, ilinakiliwa kwa wingi. Mwaka 1993 Capcom ikajibu kwa mfumo wa CPS-2. Programu ilifichwa kwa msimbo, na ufunguo wake ukatunzwa kwenye kumbukumbu inayotegemea betri. Betri ikiisha, ufunguo unapotea, na bodi isiyo na hitilafu nyingine yoyote inaacha kioo kitupu. Mafundi waliiita betri ya kujiua.

Kapasita hununuliwa dukani, lakini ufunguo haukuuzwa popote. Mwaka 2001 kundi la CPS2Shock lilipata njia ya kutoa programu bila msimbo. Mwaka 2007 Andreas Naive na Nicola Salmoria, mwanzilishi wa MAME, programu inayoiga mashine hizi kwenye kompyuta, walivunja msimbo wenyewe. Mwaka 2016 Eduardo Cruz na wenzake walitangaza namna ya kurudisha ufunguo kwenye bodi iliyokufa bila kubadilisha chipu zake.

Capcom ilikuwa na haki ya kujikinga na wezi. Haikuwa na haki ya kumuuzia mteja bodi yenye siku ya kufa bila kumwachia ufunguo. Bodi hizo zinawaka leo kwa sababu watu wasiolipwa na kampuni hiyo walitumia miaka kuutafuta, kisha wakawafundisha mafundi wengine walichokipata.