Ua wa Milozi

Msomaji, bila shaka umeuona ua wa miti uwazuiao mbuzi wa jirani wasiingie shambani. Sasa ujue habari za ua mwingine, uliopandwa Afrika ya Kusini mwaka 1660. Waholanzi, wakiongozwa na Jan van Riebeeck, walifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, wakalima bustani ya mboga kwa ajili ya mabaharia wao. Wakhoikhoi, waliochunga ng'ombe huko tangu kale, walipigania malisho yao mwaka 1659. Baada ya vita, van Riebeeck aliamuru ipandwe milozi-mwitu, ambayo matawi yake husongamana, ili kuwazuia. Sehemu ya ua huo ingali hai katika bustani ya Kirstenbosch. Basi jiulize: mvamizi alikuwa nani, aliyekuwa nje ya ua, au aliyekuwa ndani?