Kidokezo na Mti wa Kompyuta
Miteremkoni mwa Kilimanjaro, juu ya mji wa Moshi, Wachagga tangu kale hupanda mmea wa isale mipakani mwa vihamba. Kila shina hudokeza habari ya mahali pake. Mpita njia hutambua mpaka bila kuelezwa.

Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, lugha yetu ilidaiwa majina ya mambo madogo ya kompyuta. Maneno machache yajitokezayo kishale cha kipanya kinapotua juu ya tawi moja la mti wa folda, tuyaiteje? “Maelezo” ni mengi mno. “Ishara” haina maneno. Twaona “kidokezo” lafaa, mradi kila tawi lipewe chake: kidokezo kimoja kwa mti mzima humpoteza mtumiaji.