MLIMA HAUSOGEI

Wahenga walituambia kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Habari ya mlima na binadamu kukutana angani hawakutuachia, maana enzi zao ndege hazikuwepo. Sasa zipo, na kwetu Afrika ya Mashariki mkutano huo umeshatokea mara nyingi mno kwa watu kuendelea kuuita mkosi.

Ndugu msomaji, hebu kaa kijiweni siku redio inapotangaza kwamba ndege ndogo imeanguka. Utasikia maelezo mawili tu. La kwanza, karogwa huyo. La pili, wamemmaliza. Na sisi tunaoandika hadithi tumeyabeba hayo hayo kama yalivyo. Tajiri mbaya anapanda ndege ukurasa wa 90, ukurasa wa 91 kesha kufa, mwandishi anapumua na kufunga sura. Mimi mwenyewe nina riwaya ninayoihangaikia ambayo ndani yake kuna rubani, na kabla sijamrusha nilitaka kujua wenzake wa kweli walikufaje. Niliyoyapata yalinifanya niache kabisa habari ya uchawi.

Tuanze zamani kidogo. Mwaka 1929 mwanamke mmoja wa Nairobi, Florence Kerr Wilson, alianzisha kampuni ya ndege ndogo akisaidiwa na rubani Tom Campbell Black. Jina la mama huyo ndilo lililobaki kwenye uwanja wa Wilson. Januari 1930 rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, akiwa na Fokker yake ya injini tatu, alipaa juu ya Kilimanjaro na kupiga picha za Kibo kutoka angani. Dunia ilishangilia. Lakini angalia mambo ya dunia: bwana huyo aliyeuruka mlima mrefu kuliko yote Afrika alikufa mwaka 1937 akipanda milima ya Austria kwa miguu!

Baada ya hapo ndege zikaacha kuwa maajabu, zikawa usafiri. Tarehe 18 Mei 1955 ndege aina ya DC-3 ya East African Airways, iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi, iligonga Kilimanjaro. Watu wote 20 walikufa. Septemba 1970 kijana wa Austria, Gerd Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian, Mlima Kenya. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, akaja na helikopta kusaidia uokoaji. Helikopta ikaanguka mlimani, Hastings akafa. Judmaier aliyekuwa anangoja kufa akaokolewa akiwa hai, na aliyekuja kumsaidia ndiye hakurudi.

Orodha haikuishia hapo. Tarehe 1 Septemba 1999 ndege ndogo aina ya Cessna 404 iliyobeba watalii iligonga Mlima Meru, wakafa watu 12. Tarehe 19 Julai 2003 ndege ya kukodi iliyokuwa inaelekea Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na Lenana, wakafa 14, wengi wao ni watu wa ukoo mmoja kutoka Marekani. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi la Kenya ilianguka Marsabit ikiwa na watu 17, wakafa 14. Waliokuwemo walikuwa wanakwenda kupatanisha jamii zilizokuwa zinauana, na miongoni mwa waliokufa alikuwemo Dakta Bonaya Godana, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Tarehe 5 Juni 2018 Cessna Caravan iliyotoka Kitale jioni kwenda Nairobi ilipotelea milima ya Aberdare na watu 10. Ukungu na mvua viliwazuia watafutaji, mabaki yakaonekana tarehe 7, na hakuna aliyepona.

Sasa rudi uangalie miezi. Mei na Aprili ni masika. Juni na Julai ni baridi na mawingu mazito yanayolalia vilima tangu alfajiri. Mchawi gani huyo anayefuata kalenda ya mvua?

Mambo yenyewe yako hivi. La kwanza ni hewa. Ndege hushikwa na hewa, na injini nayo hula hewa. Ukipanda juu hewa inakuwa nyepesi. Kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ni kama nusu tu ya ile ya Dar es Salaam. Mabawa yanashika kidogo, injini ya kawaida inapoteza nguvu, panga la mbele linakata hewa bila kupata kitu cha kusukuma. Hata uwanja wa Wilson wenyewe uko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Yaani ndege ya Nairobi, mchana wa jua na mzigo umejaa, inaanza safari ikiwa imeshachoka.

Na usiseme basi si apande juu zaidi apite. Ndege nyingi ndogo hazifungiwi hewa ndani kama zile kubwa. Ukizidi futi 10,000 kwa muda, ubongo wa rubani unaanza kukosa oksijeni, na ubaya wake ni kwamba anayekosa oksijeni hujiona yuko sawa kabisa, kama mlevi anayekuambia nipe funguo niendeshe. Batian ni futi 17,057. Kwa hiyo rubani wa ndege ndogo harukii mlima, anauzunguka.

La pili ni upepo. Upepo ukikutana na mlima unapanda, ukishavuka kilele unaporomoka upande wa pili kama maji ya maporomoko. Hauonekani kwa macho. Upepo huo unaweza kushusha ndege zaidi ya futi 1,000 kwa dakika, na ndege ndogo ikiwa juu huko haina uwezo wa kupanda hata nusu ya hiyo. Rubani anavuta usukani, pua inaangalia mbinguni, ndege inakwenda chini. Ndiyo maana wanafundishwa kukaribia mgongo wa mlima kwa mshazari, wasiende nao uso kwa uso, ili mambo yakiharibika wageuke haraka na kukimbilia bondeni.

La tatu ni korongo. Bonde linaanza pana, ukiliingia linakupendeza, halafu linabana na sakafu yake inapanda kukuzidi wewe. Gari lingesimama na kurudi nyuma. Ndege haisimami. Inahitaji nafasi ya kugeuka, na nafasi hiyo ukishaipita huipati tena.

La nne, na ndilo linaloua kuliko yote kwetu, ni wingu. Milima yetu huamka safi asubuhi, halafu jua likishapasha mabonde hewa yenye unyevu inapanda, kufika mchana kilele kimeshavaa blanketi. Marubani wana utani wao: kuna mawingu yenye mawe ndani. Sikiliza vizuri maana yake. Ndege ni nzima, injini inanguruma sawasawa, abiria mmoja kasinzia, mwingine anatafuna karanga, na mbele yao hakuna chochote ila weupe. Hakuna kilele cha kutazama, hakuna muda wa kuaga. Tena mlima hauhitaji kuwa Kilimanjaro. Marsabit ni mita 1,707 tu, na umeua wapatanishi.

Mtu atauliza, basi kwa nini warushe? Kwa sababu barabara zetu tunazijua. AMREF ilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, kwa sababu hii hii: mgonjwa yuko porini, daktari yuko mjini, na kati yao kuna siku mbili za matope. Mama aliyekwama na uchungu wa uzazi hakusubirishi mpaka ukungu utoke. Mheshimiwa mwenye mkutano saa nane naye hataki kusikia habari ya mawingu. Kila mmoja anamtazama rubani kisogoni.

Hapo ndipo nilipomkuta mhusika wangu, na ndipo nawaita wenzangu tunaoandika. Rubani aliyegonga mlima magazeti yanamwandika. Rubani aliyefika mlangoni mwa bonde, akaliona wingu, akageuza ndege na kurudi alikotoka, huyo hana habari. Abiria wanashuka wamenuna. Tajiri wake anamuuliza mafuta yale nani atalipa. Wenzake wanamwita mwoga. Jioni anakunywa chai peke yake, na hakuna atakayejua kamwe kwamba siku ile aliokoa watu tisa, maana kifo kilichoepukwa hakina ushahidi.

Tukimwandikia kifo cha kurogwa yule aliyeanguka, tunawanyima hata waliobaki hai fundisho lao. Mwenye kusoma kwamba ni mkono wa mtu ataenda kutafuta mganga. Mwenye kusoma kwamba ni wingu la saa kumi jioni, mwezi wa sita, huenda siku moja akiwa amekaa nyuma ya rubani akafunga mdomo, au akasema, "Kaka, turudi tu, tutakwenda kesho."