Kula na Kuliwa

Mkono wa kulia umepewa jina na chakula. Kitenzi "kula" kimeongezewa kauli ya kutendea kikawa "kulia", yaani kula kwa kutumia kitu fulani au mahali fulani, kama tunavyosema sahani ya kulia na chumba cha kulia. Dereva anaambiwa akunje kulia, mwanajeshi anaamriwa ageuke kulia, na hakuna anayekumbuka tonge. Wala si Waswahili peke yao walioupa upande huo jina hilo. Wazulu huuita mkono huo isandla sokudla, na ukudla kwao ni kula. Washona husema rudyi, kutokana na kudya. Waganda husema ddyo, kutokana na kulya. Wanyarwanda wana iburyo, kutokana na kurya. Ukipima umbali uliopo kati ya Ziwa Viktoria na Natal, utaona kwamba jina hili halikuanzia Pwani. Ni mali ya ukoo mzima wa lugha za Kibantu, tena ya kale.

Halafu likaja neno "yamini" kutoka Uarabuni. Kwa Kiarabu yamini ni mkono wa kulia, na yamini hiyo hiyo ni kiapo, kwa kuwa walioapiana walishikana mikono ya kulia. Neno lilishuka Pwani na maana zake zote mbili, likakuta mkono huo una jina linalotokana na mlo, na Waswahili wakaliunga na kitenzi hicho hicho: kula yamini. Kila nikiusikia usemi huu hunisisimua. Mkono wa kuapia wa Kiarabu na mkono wa kulia chakula wa Kibantu imekutana katika maneno mawili tu, na hata leo kiongozi anayeapishwa huinua mkono huo, ameshika Msahafu au Biblia.

Lakini kwa nini kiapo kiliwe? "Kuapa" kungetosha. Jibu moja ni kwamba zamani viapo vililiwa kweli. Kwa Wamijikenda, miongoni mwa viapo vya kumpima mshukiwa kilikuwepo cha kumlisha kipande cha mkate uliotiwa dawa. Asiye na hatia aliumeza salama, mwenye hatia ulimdhuru. Katika viapo vya Mau Mau, miaka ya 1950, nyama ya mbuzi ilipita vinywani mwa walioapa. Ng'ambo ya bahari, Waajemi nao hula kiapo: husema sowgand khordan, na neno hilo la sowgand linahusishwa na maji ya kiberiti aliyonyweshwa mshtakiwa katika zama za kale. Wahindi husema kasam khana, na khana ni kula. Sidai kwamba sisi tuliazima kwao au wao kwetu. Jamii nyingi zilizozunguka Bahari ya Hindi ziliamini kwamba neno zito halitoshi kutamkwa, sharti limezwe.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha kitenzi hiki. Kiswahili huchagua "kula" pale ambapo jambo likishaingia kwa mtu halitoki tena. Chukua hasara. Mfanyabiashara wa mitumba aliyefungua belo akakuta nusu ya nguo zimechanika anaweza kusema "nimepata hasara". Akisema hivyo bado anahesabu. Pengine atamrudia aliyemuuzia, pengine watafidiana. Akisema "nimekula hasara", shauri limekwisha. Fedha zimekwenda, muuzaji hapokei simu, na mwenye belo anajipanga upya na kilichobaki. Mzee aliyekula chumvi nyingi amebeba miaka yake mwilini na hakuna wa kumpunguzia hata mmoja. Aliyekula ujana hawezi kuulilia baadaye. Na waliokula njama wamefungwa na siri waliyoila pamoja: anaweza mmoja wao kujuta, anaweza kuwataja wenzake, ila hawezi kuwa mtu ambaye hakuwamo. Waganda wamekwenda mbali zaidi, maana kwao kula njama, okulya olukwe, ni usaliti wenyewe.

Tofauti hii inaonekana vizuri zaidi kwenye rushwa. Magazeti yakiripoti kutoka mahakamani huandika kwamba mshtakiwa anadaiwa "kuomba na kupokea" rushwa. Ni lugha sahihi ya mahakama, kwa sababu mahakama hutafuta kitu kinachoweza kushikika: bahasha juu ya meza, fedha za mtego zilizoandikwa namba zake, mkono uliozigusa. Kupokea kunaiacha fedha ikiwa bado fedha. Barazani watu husema "amekula", na neno hilo linataja kile kinachomuuma mwananchi, yaani kwamba fedha ya dawa au ya barabara imekwisha kugeuka kuwa mwili wa mtu mwingine. Hata ikipatikana hukumu, zahanati itabaki bila paa. Ndiyo maana sikubaliani na wahariri wanaokifuta kitenzi hiki kwenye habari nzito wakidhani ni maneno ya vijiweni. "Kupokea" na "kula" ni mashtaka mawili, na lugha yetu inayo maneno ya yote mawili.

Wakenya wanaijua zaidi siasa ya kitenzi hiki. Kauli kwamba sasa ni zamu yetu ya kula imezoeleka huko kiasi kwamba Michela Wrong, alipoandika mwaka 2009 kitabu kuhusu John Githongo na vita yake dhidi ya ufisadi serikalini, jina la kitabu alilitoa kwenye kauli hiyo. Tanzania mtu akiteuliwa huambiwa amepata ulaji. Lakini kula madaraka ni usemi wa zamani kuliko ufisadi wa leo. Kwa Waganda, Kabaka anayetawazwa hula ufalme, na maneno hayo husemwa kwa heshima kamili. Anayeula ufalme anaupokea mwilini mwake, na tangu siku hiyo nafsi yake na nchi vimekuwa kitu kimoja. Ulaji wa wateule wetu umebakiza kitenzi na kuutupa wajibu huo.

Upande wa pili wa kitenzi ni kuliwa, na hapa sarufi yenyewe inafurahisha. "Kikulacho ki nguoni mwako." Mtoto wa shule anaweza kuisoma ile "ku" kama ile ya "anakula", inayobebwa kwa sababu mzizi ni mfupi mno kusimama wenyewe. Sivyo. Hapa "ku" ni wewe: kinachokula wewe. Silabi moja, na msikilizaji amegeuzwa chakula cha chawa.

Vijana wa miaka ya karibuni wameunda muundo mwingine ambao mimi nauhesabu kuwa miongoni mwa iliyo bora katika Kiswahili cha mitaani: "imekula kwangu". Nani amekula? "I" ya mwanzo haina jina. Ni hali, ni mpango, ni siku yenyewe. Imekula nini? Hakuna kitendwa. Kilichotajwa ni mahali tu, kwangu. Msemaji si mlaji wala si chakula, ni pale mlo ulipofanyikia. Mtu aliyekosa basi la mwisho, aliyekopesha akanyimwa, aliyeahidiwa kazi ikaenda kwa mwingine, wote wanahitaji sentensi isiyomtaja mkosaji na isiyowafanya wapumbavu, na muundo huu unawapa.

Kwenye bao kitenzi hiki ni istilahi kamili. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mchezaji asiye na cha kula hutakata, yaani husambaza kete zake mwenyewe bila kumgusa mwenziwe. Sasa linganisha na drafti. Katika drafti kete iliyoliwa hutolewa ubaoni na kuwekwa kando, imekufa. Katika bao, kete zilizoliwa huhamia upande wa mlaji, husambazwa katika mashimo yake na kuwa nguvu zake, mpaka mpinzani naye apate nafasi ya kuzila. Na hatua ile ambayo kete zote zimeshaingia mchezoni huitwa mtaji, jina lile lile la fedha ya kuanzia biashara.

Kuna matumizi ambayo hayaingii kwenye maelezo yangu, nami sitayalazimisha. "Kula mweleka" bado naweza kuupokea, maana kishindo cha anguko huingia mwilini, na Waajemi nao husema aliyeanguka amekula ardhi. Lakini "kula kona", yaani kutoroka au kukwepa, sioni kilichoingia wala aliyekimeza. Labda gari ndilo lililoanza kuila barabara.

Kwa wanaotunga istilahi, kitenzi hiki kimezaa majina mawili yanayostahili kutofautishwa. "Mla" hahemi peke yake. Lazima afuatwe na kitu: mla rushwa, mla watu, na katika biolojia wala nyama na wala majani. Hata kwenye methali ya mla ni mla leo, hiyo "leo" ndiyo inayomtegemeza. "Mlaji" anasimama mwenyewe, na wachumi walimchukua mapema: bei ya mlaji, haki za mlaji. Siku hizi nyaraka nyingi zinapendelea "mtumiaji". Mimi namtetea mlaji. Mtumiaji wa jembe hubaki na jembe lake jioni. Unga, umeme na muda wa maongezi vikitumika vimekwisha. Wateja wenyewe wanalijua hilo. Bando likikatika kabla ya muda wake hawasemi limetumika vibaya. Husema "wamekula bando langu". Hapo yule ambaye wachumi wanamwita mlaji anajiona ameliwa, na wanaoandika kanuni za kumlinda wangeanza na kitenzi hicho wangefika haraka zaidi kwenye malalamiko yake.